Urafiki wa karibu hula muda

Urafiki wa karibu hujengwa kwa muda, na muda wa mtu una kikomo. Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wasiojuana huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili wafikie urafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe wandani. Kwa wawili wanaokutana saa mbili kila Jumamosi, saa hizo 200 ni karibu miaka miwili. Hall aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito wa saa za kula, kupiga soga na kutembeleana. Ndiyo maana watu hukaa ofisi moja kwa miaka, meza zao zikikaribiana, wakabaki wanajuana majina na zamu za likizo tu.

Kwa sababu ya uhaba huo wa muda, idadi ya wandani hubaki ndogo. Mwanasayansi wa Uingereza, Robin Dunbar, alilinganisha ukubwa wa ubongo wa jamii za nyani na makundi wanayoishi, na mwaka 1992 akakadiria kwamba binadamu anaweza kudumisha uhusiano na watu wapatao 150. Baadaye alieleza kuwa kati ya hao, walio karibu kabisa, ndugu wakiwemo, hawazidi 5 hivi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm waliipinga hesabu ya 150 mwaka 2021, wakisema takwimu haziruhusu kuweka kikomo kimoja. Pingamizi lao ni la haki. Hata hivyo, wa kupigiwa simu saa nane za usiku bila kuomba radhi ni wachache kwa yeyote yule, hata aliyejaza namba simu nzima.

Watu wa kufahamiana nao wana faida yao, na si ndogo. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba wengi waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, waliambiwa na mtu wasiyeonana naye mara kwa mara. Wandani huzungushiana habari zilezile. Anayetoka mbali huja na mpya. Vivyo hivyo, mchango wa harusi au wa matibabu hukusanywa na wengi wanaotoa kidogokidogo, na marafiki watatu wasingeumudu peke yao.

Yako mambo, lakini, ambayo umati hauwezi. Siku za matanga nyumba hujaa: turubai limefungwa, viti vimekodiwa, sufuria haziteremki jikoni. Wiki chache baadaye mjane amebaki na ada za shule, nguo za marehemu ambazo hajui azifanyeje, na jioni ndefu. Anayekuja wakati huo, asiye na la kusema ila kukaa naye, ni mmoja au wawili. Mkopo wa SACCOS nao huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Kumdhamini mwanachama mwenzako ni kuweka akiba yako mahali pa hatari kwa ajili ya tabia yake, na kundi la WhatsApp la watu mia mbili linaloandika "hongera" kila asubuhi hupungua ghafla fomu inapohitaji sahihi.

La thamani kuliko yote ni ukweli. Mtu wa mbali husifu, kwa kuwa ana adabu ya kulinda na hana haki ya kuuliza. Kumwambia mtu kwamba pombe imemzidi, kwamba duka linakula mtaji, au kwamba anamwonea mkewe, kunahitaji miaka ya kuaminiana nyuma yake. Bila miaka hiyo maneno yaleyale huwa tusi. Aliyejizungushia wanaomjua juujuu anaweza kuangamia huku akishangiliwa, na hilo ndilo linalofaa kuogopwa zaidi katika maisha yenye watu wengi.

Afya nayo imo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938 umewafuatilia wanaume 724 na baadaye familia zao. Walioridhika zaidi na uhusiano wao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80, na ubora wa uhusiano ulikuwa na uzito kuliko idadi ya watu.

Miji ya Afrika Mashariki hutumia jioni zake kinyume na hayo. Kamati za harusi hukutana kwa miezi, makundi ya WhatsApp hudai majibu usiku kucha, na rafiki wa tangu shule huahidiwa "tutaonana" mwaka hadi mwaka. Hasara hiyo huwaangukia zaidi wanaume, ambao aghalabu marafiki zao ni wa kazini. Siku ya kustaafu hupewa zawadi na hotuba, kisha simu zinazohusu ofisi hukoma, na zilikuwa karibu simu zote. Mwenye miaka sitini anaweza kuanza urafiki mpya, ila saa 200 zitadaiwa zilezile, na wenzake walioanza wakiwa na thelathini walishazilipa kwa kutembeleana Jumapili, kuuguziana watoto na kupigiana simu zisizo na shida yoyote ndani yake.