Mama wa vita si kidonda tu

Tangu vita vianze huku mashariki mwa Kongo, mama mkimbizi anaulizwa swali lile lile: "Walikufanyia nini?" Mwandishi wa habari anauliza, mtu wa shirika anauliza, mgeni mwenye kamera naye anauliza. Mama anajibu, wanaandika, wanaenda zao. Kwa maoni yangu, swali hilo peke yake halitoshi. Kuna la pili: "Wewe ulifanya nini ili watoto waishi?"

Tuchukue mambo ya kuni. Familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru na kukaa kwenye mahema kandokando ya Goma zinajua hesabu hii chungu. Baba akiingia pori la Virunga anaweza kuuawa au kulazimishwa kubeba bunduki. Mama akiingia anaweza kubakwa. Mara nyingi aliyeenda ni mama. Alijua hatari, akaenda, ili jioni watoto wapate bugali. Kwenye ripoti ataandikwa "mhanga wa ubakaji", na ni kweli. Lakini uamuzi wake, mzigo aliobeba mgongoni, makala aliyouza apate pesa ya dawa, hayo nani anayaandika?

Wapo wanawake walioandika vita kwa njia nyingine. Svetlana Alexievich wa Belarusi aliwasikiliza wanawake waliokuwa katika jeshi la Kisovieti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kitabu chake kikatoka mwaka 1985. Wanaume walikuwa wameshasimulia ushindi na majenerali. Wanawake wakasimulia njaa, damu, nguo zisizowatosha. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobeli ya fasihi.

Kuhusu kwetu, Lynn Nottage wa Marekani alifika Uganda kusikiliza wakimbizi wanawake wa Kongo, kisha akaandika mchezo wa kuigiza unaoitwa Ruined. Ndani yake Mama Nadi ana baa karibu na migodi. Anawahifadhi wasichana, na papo hapo anapata faida kwa miili yao. Si malaika, wala si mhanga tu. Ni mtu mzima mwenye akili yake. Mchezo ulionyeshwa Chicago mwaka 2008, ukapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Naye Sandra Uwiringiyimana, aliyeokoka mauaji ya Gatumba ya mwaka 2004, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2017. Kazi zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Masisi atazisoma wapi?

Wengine watasema: watu wana njaa, hadithi zitasaidia nini? Nawajibu kwamba hadithi ndiyo inayogawa viti. Mama akijulikana kwa kidonda chake tu, ataitwa hospitali, na lazima aitwe. Akijulikana pia kama mtu aliyepitisha majirani katika njia ya hatari na kugawa chakula kidogo bila ugomvi, itakuwa vigumu kumwacha nje watu wanapozungumza amani. Azimio 1325 la Baraza la Usalama, la Oktoba 2000, linataka wanawake wawe ndani ya mazungumzo hayo. Mpaka leo wengi wanabaki mlangoni.

Basi tuanze hapa hapa. Anayemhoji mama aombe ruhusa kwanza, afiche jina na sura yake, na akikataa, amwache kwa amani. Amuulize maswali yote mawili. Kisha amsomee alichoandika, kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda au Mashi, mama asahihishe. Na nyinyi vijana mliosoma, kaeni na mama zenu na shangazi zenu, shikeni daftari, andikeni. Wao ndio waliotubeba mgongoni tukikimbia. Wanajua njia tuliyopita kuliko yeyote atakayekuja kuiandika.