Taa za gari haziponi kwa dawa ya meno

Wasee, tuongee ukweli kuhusu taa za magari yetu. Zunguka maegesho yoyote mtaani uhesabu magari ambayo taa zake za mbele zimegeuka manjano. Bodi inang'aa, rimu ni mpya, muziki unatetemesha vioo, lakini taa zina ukungu kama dirisha la bafu. Uliza mwenyewe, atakujibu, "Si zinawaka?"

Kuwaka ni kitu kimoja, kuona ni kingine.

Lenzi za taa siku hizi si kioo. Ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo kiwandani hupakwa tabaka jembamba la kuikinga na jua. Tabaka hilo likiisha, plastiki inaungua polepole, inageuka manjano na kufifia. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yashatumika miaka kadhaa, halafu sisi tunayaanika kwenye jua la ikweta kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwaka wa 2018, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa namna hiyo kikapata zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya.

Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Na kwetu giza linaingia kabla ya saa moja jioni, mwaka mzima. Sasa weka mama anayevuka barabara na mizigo, au mwendesha bodaboda asiye na taa ya nyuma. Wewe umefunga mkanda. Atakayelipia ukungu wa taa zako ni yeye.

Ndio maana nakasirika nikiona zile video za kusugua taa na dawa ya meno. Ndio, zinang'aa. Dawa ya meno ina chembe za kukwaruza, kwa hivyo inaondoa uchafu wa juu. Lakini haiweki kinga yoyote, na baada ya muda mfupi manjano yanarudi. Wengine wanapaka mafuta tu, yakioshwa na mvua mchezo umeisha. Huko ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena kwa doo yako.

Kuna wale wanaoamua kununua balbu kali zaidi. Buda, tatizo liko kwenye plastiki! Mwanga mkali ukipita kwenye ukungu unatawanyika ovyo. Wewe huoni vizuri, na anayekuja mbele yako unampofusha.

Basi ufanye nini? Anza na jaribio la bure: mwagia taa maji. Zikionekana safi zikiwa zimelowa, uharibifu uko nje na zinaweza kurekebishwa. Ukiona matone ya maji kwa ndani, mpira wa kuziba umelegea, na kusugua nje hakutasaidia. Kama lenzi ina nyufa, nunua taa nyingine.

Ukienda kwa fundi, muulize maswali matatu kabla hajashika gari. Atafunika rangi ya bodi kwa selotepu? Atasugua kwa msasa wenye maji, akianza na namba 800 au 1000, kisha 2000, hadi 3000? Na la muhimu zaidi, akimaliza atapaka kinga mpya ya kuzuia miale ya jua? Akikuambia hiyo kinga si lazima, mshukuru uende zako. Kazi bila kinga ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja.

Ukiamua kununua taa nzima, itisha risiti, na hakikisha zimetengenezewa nchi zinazoendesha upande wa kushoto kama sisi. Za Japani ziko sawa. Zilizotoka kwa magari ya Dubai au Ujerumani huelekeza mwanga upande ambao kwetu ni wa gari linalokuja.

Najua mtu atasema uchumi ni mgumu. Ni kweli, na mafundi wanatuuzia bei rahisi kwa sababu ndiyo tunayoitisha. Lakini kama kuna pesa ya kutia vioo giza na kubadilisha spika, ya taa haijakosekana, imepelekwa kwingine tu. Na wewe unayeendesha teksi ya apu usiku, gari si lako lakini macho ni yako. Mwambie mwenye gari arekebishe taa kabla hujachukua ufunguo. Akikataa, endesha mchana.