Bei ya Soya Haiamuliwi Shambani Peke Yake

Ukifika agroveti ukute gunia la chakula cha kuku limepanda bei, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye duka. Sisi tunaona mara nyingi anaonewa tu. Soya iliyo ndani ya gunia hilo ni bidhaa ya dunia, na Uchina pekee hununua zaidi ya nusu ya soya yote inayouzwa kati ya nchi na nchi.

Angalia 2018. Uchina iliongeza ushuru wa asilimia 25 kwa soya ya Marekani. Soya ni ile ile, mkulima ni yule yule, lakini wanunuzi wakahamia Brazil. Mwaka huo huo homa ya nguruwe ikaingia Uchina, na nguruwe wakipungua, nani atakula hiyo soya? Sarafu nayo ina usemi: pesa ya Brazil ikishuka dhidi ya dola, soya yake inakuwa nafuu kwa mnunuzi wa nje.

Hapa kwetu soya nyingi tunaagiza. Mapema 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130. Ndio maana tunasema mfugaji asingoje gunia liishe ndio atafute pesa. Kila ukiuza mayai, weka kitu kidogo kwenye akiba ya simu, bei ikishuka uongeze gunia. Moja tu lakini, chakula kikikaa sana kinaota ukungu. Na kabla ya kutuma malipo, uliza bei ya leo, si ya wiki jana.