Dawa za Mama Ziandikwe Kama Deni



Wauguzi wanaotunza wazee makaoni wana kilio chao, na wenzao wa kitengo cha dharura wana chao. Wa makaoni wanasema: tunampeleka mzee tunayemjua kwa miaka, tukifika mlangoni hatusikilizwi. Wa dharura wanasema: mzee anateremshwa hawezi hata kusema jina lake, dawa anazotumia hazijulikani, na aliyemleta ni dereva tu. Tunaona wote wana haki. Na kilio hicho kinatuhusu sana sisi, kwa sababu hapa kwetu, ukiacha wazee wachache wa Sebleni na Welezo, muuguzi wa mzee ni binti yake au mkamwana wake.

Uingereza walitafuta njia. Mwaka 2015, huko Sutton, kusini mwa London, walianzisha begi jekundu. Mzee akitolewa makaoni kwenda hospitali, begi linakwenda naye: karatasi za maradhi yake, dawa zake, miwani, kifaa cha kusikilia na nguo za kurudia. Akiruhusiwa, linarudi naye. Begi kama hilo fundi cherehani yeyote wa mtaani analishona kwa asubuhi moja.

Muhimu ni kinachoandikwa ndani. Mtu akipata kiharusi, daktari atauliza mara ya mwisho alionekana mzima wakati gani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni hatari kwa anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Mwenye sukari akichanganyikiwa ghafla, huenda sukari imeshuka. Hata maradhi ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee akili bila ya homa kubwa. Anayemwona mara ya kwanza atasema ni uzee. Wewe ndiye unayejua kwamba jana alijifunga ushungi mwenyewe na akasali Alfajiri kwa wakati.

Wapo wanaosema kuandaa begi ni kumtabiria mama maradhi. Hapo hatukubaliani nao. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inatuamrisha kuandikiana deni, na hakuna anayesema kuandika deni ni kuomba kufilisika. Ikiwa pesa ya duka inaandikwa, vipi dawa za mama ziachwe kichwani mwa mtu mmoja, ambaye siku hiyo huenda yuko harusini?

Biharusi, wewe hasa ndiye tunayekusudia. Ukishaingia kwa mavyaa wako, katika mwezi wa kwanza muombe kwa adabu: "Mama, nionyeshe dawa zako niziandike." Andika jina la dawa, kiasi na saa zake, dawa inayomdhuru, na namba za simu za watoto wake wawili. Andika pia nani kati yao ni msemaji, maana ndugu watano wakigombana mlangoni, anayechelewa ni mgonjwa. Tia kanga doti moja na ushungi, apate kusitirika hata akivuliwa nguo. Litundike nyuma ya mlango, na dawa ikibadilishwa, karatasi nayo ibadilishwe.

Allah awape wazee wetu afya, na atujaalie tuwe wasemaji wao siku watakaposhindwa kusema. Amin.