UGONJWA WA AKILI UKIZIDI, OMBENI TENA



Mfanya kazi akikatwa kidole na mashine, kila mtu kiwandani ajua la kufanya. Msimamizi huitwa, kidonda hufungwa, karatasi huandikwa, na mjumbe wa Chama huuliza habari za fidia kabla jua halijatua. Lakini mfanya kazi akiugua akili, watu hunyamaza. Mwenyewe hunyamaza, jamaa zake hunyamaza, na tajiri naye hungoja mpaka apate sababu ya kumwachisha kazi.

Watu wa namna hii huja katika ofisi ya Chama hapa Eldoret, na wengi wao huja wakiwa wamechelewa. Mmoja amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Mwingine aliomba malipo ya ulemavu, akaambiwa hapana, akaenda zake nyumbani Langas au Huruma akiamini kwamba hapana hiyo ni ya milele. Juu ya huyu wa pili ndiyo twataka kusema zaidi leo, kwa maana ndiye anayepotewa na haki yake bila ya mtu kumnyang'anya. Hati ya kwanza ya daktari ilisema hali ya siku ile. Ugonjwa ukizidi, hali imekuwa nyingine, na ombi jipya juu ya hali mpya si kurudia ombi la zamani.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba ugonjwa wa akili si jambo la kuombea huruma tu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inapoeleza maana ya ulemavu inataja mwili na viungo vya kuonea na kusikia, tena inataja akili na nafsi, na yatosha kwamba ugonjwa unamzuia mtu sana, au kwa muda mrefu, kufanya shughuli zake za kila siku. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamkataza tajiri kumbagua mfanya kazi kwa ajili ya ulemavu au hali ya akili yake. Maneno hayo yamo katika sheria waziwazi, wala si maoni ya Chama. Na mwezi wa Mei 2025 ilitiwa sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahali pa ile ya 2003. Basi mtu asiambiwe na karani yeyote kwamba ulemavu ni wa mguu na jicho peke yake.

Sasa tuje kwenye fedha. Kila mwezi mshahara wako hukatwa kwa ajili ya N.S.S.F., na tajiri hutoa sehemu yake. Wengi hudhani fedha hiyo ni ya uzee tu. Sivyo. Sheria ya N.S.S.F. ya mwaka 2013 inaweka malipo kwa mwanachama aliyepata ulemavu wa mwili au wa akili kabla ya umri wa kustaafu, akiwa amethibitishwa na baraza la madaktari kwamba ulemavu huo ni wa kudumu. Tena inataka awe amelipiwa michango 36 ya miezi iliyotangulia ulemavu wake, yaani miaka mitatu.

Hapo ndipo penye mtego, na twaomba kila msomaji apasome mara mbili. Neno kubwa hapo ni "kudumu". Ugonjwa wa akili hauendi kama mguu uliokatika. Mguu ukikatika umekatika, na baraza likiuangalia Jumatatu au Ijumaa litaona jambo lile lile. Akili hupanda na kushuka. Mtu aweza kukaa wiki tatu asilale, akiogopa sauti ambazo wenzake hawazisikii, kisha siku ya kuonana na madaktari akaoga, akavaa shati safi, akajibu maswali yote kwa adabu. Wataandika kwamba atapona na kurudi kazini. Pengine siku ile walisema kweli. Baada ya miezi minane amelazwa mara mbili na dawa zimeongezwa, lakini yeye na mkewe bado wanaishika ile karatasi ya kwanza kama hukumu ya jaji.

Mwanachama wa namna hii arudi. Wala asirudi mikono mitupu na maneno yale yale aliyokataliwa nayo. Ombi la pili lazima lionyeshe ni nini kilichobadilika tangu tarehe ya barua ya kukataliwa. Kwa hiyo barua ile isitupwe kwa hasira. Itunzwe, maana tarehe yake ndiyo mpaka kati ya hali ya zamani na hali ya sasa. Baada ya tarehe hiyo zitafutwe karatasi za kulazwa na za kutoka hospitali, kadi ya kliniki, majina ya dawa na vipimo vyake jinsi vilivyopandishwa, siku alizokosa kazi, na barua yoyote ya tajiri ya kumwonya au kumhamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine. Onyo alilopewa kwa kuchelewa zamu laweza kuwa ushahidi mzuri wa ugonjwa kuliko maneno yake mwenyewe.

Na daktari aombwe aandike zaidi ya jina la maradhi. Jina peke yake halisemi kitu, kwa maana watu wawili wana maradhi yenye jina moja, mmoja anafanya kazi na mwingine hawezi kufunga vifungo vya nguo. Aandike mtu huyu hawezi kufanya nini: hawezi kukaa zamu ya usiku, hawezi kushika hesabu, hawezi kusimama karibu na msumeno wa mbao au mashine ya kusokota nyuzi kwa kuwa dawa humtia usingizi. Wengi wetu katika mji huu twatibiwa Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa, nayo ina wodi na kliniki ya magonjwa ya akili. Lakini daktari wa kliniki huona wagonjwa wengi, na mtu akiulizwa "hujambo" akajibu "sijambo", ndilo litakaloandikwa. Afadhali mke, au mume, au ndugu anayelala nyumba moja na mgonjwa, aandike katika daftari la shilingi chache mambo ya kila siku: usiku aliokosa usingizi, siku aliyokataa chakula, siku aliyopotea mpaka akaonekana upande wa Sosiani. Daftari hilo lipelekwe kwa daktari.

Kuna neno jingine ambalo ni zito, lakini hatutalipita. Wapo waliojaribu kujiua wakaokolewa, kisha wakamficha daktari kwa kuogopa polisi. Zamani walikuwa na sababu, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jambo hilo kuwa kosa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi jamaa asifiche. Daktari asiyejua jambo hilo hawezi kumtibu mgonjwa sawasawa, wala hawezi kueleza ukubwa wa ugonjwa kwa wale watakaoamua ombi lake.

Tumesema wengine huja wameandika barua za kuacha kazi. Tajiri mwerevu hamfukuzi mgonjwa. Humwita ofisini kwa upole, humwambia "ndugu, wewe umechoka, andika barua tu upumzike," na mgonjwa katika wiki yake mbaya huandika. Twasema kwa nguvu: mtu asitie sahihi karatasi yoyote ya kuacha kazi akiwa mgonjwa wa akili, kabla mjumbe wa Chama hajaiona. Akitoka kazini michango ya N.S.S.F. hukatika, na ile miezi 36 tuliyoitaja huanza kuleta ubishi. Wala asitoweke tu, kwa maana tajiri ataandika kwamba ametoroka kazi. Familia ipeleke karatasi ya hospitali mara moja, ikabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Sheria inampa mgonjwa siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara katika mwaka, akiwa amekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo. Hicho ni kiasi cha chini kabisa. Mkataba wa kiwanda chako waweza kutoa zaidi, basi usome mkataba kabla ya kukubali maneno ya karani. Na kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya kutojiweza, kifungu cha 41 cha Sheria ya Kazi kinamtaka tajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize pamoja na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa Chama. Kifungu hicho kinataja udhaifu wa mwili. Sisi twashikilia kwamba mgonjwa wa akili hawezi kunyimwa baraza ambalo mgonjwa wa mgongo anapewa, na wajumbe wetu wanatakiwa kusimama hapo bila kurudi nyuma.

Mara nyingi pia tajiri husema, "Huyu si mgonjwa, ni mlevi." Twakubali kwamba pombe ipo. Lakini wako walioanza kunywa baada ya usingizi kukimbia, na katika mji huu, uliouona moto wa Januari 2008, wako waliobeba mambo ambayo hawajawahi kumsimulia mtu. Mjumbe akisikia neno "mlevi", aulize kwanza kama mtu huyo amepelekwa hospitali.

Kwa aliyeumia kazini njia ni nyingine. Tuseme mtu amepigwa kichwani na gogo, jeraha likapona, kisha akaanza kusahau, kufoka na kuogopa. Huyo yuko chini ya Sheria ya Fidia kwa Walioumia Kazini ya mwaka 2007, na madai yake hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi apeleke pingamizi ndani ya siku 60, na akipewa jibu lisilomridhisha ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Kazi, ambayo inakaa hapa hapa Eldoret. Siku hizi ni chache kwa mtu ambaye hata kuamka kitandani ni kazi. Kwa hiyo mjumbe azihesabu yeye.

Hati ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu nayo ni ya maana, kwani mtu hupimwa katika hospitali ya Serikali na kuandikishwa, na kwa hati hiyo mfanya kazi aweza kuomba nafuu ya kodi ya mapato. Hati ya kodi ina mwisho wake, lazima iombwe tena. Fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Hizo zaulizwa kwa chifu na kwa afisa wa ustawi wa jamii. Hazitoshi kodi ya chumba kimoja, lakini ni haki ya anayestahili.

Tusidanganyane hata hivyo. Kule Uingereza mtu anayepokea posho ya ulemavu akizidiwa hupeleka habari kwamba hali imebadilika, na posho yake hupimwa upya. Kwetu mfanya kazi hana posho kama hiyo. Aliye mgonjwa mno asiweze kazi mwaka huu, lakini asiye mgonjwa kiasi cha kuitwa wa kudumu, anaanguka katikati: siku zake 14 zimekwisha, na N.S.S.F. bado haimtambui. Ugonjwa wa akili hukaa sana hapo katikati. Kamati ya Dk. Frank Njenga iliyochunguza afya ya akili ilitoa ripoti yake mwaka 2020 ikataka jambo hili litangazwe kuwa dharura ya taifa. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na hiyo ni ya matibabu. Haimlipi mgonjwa mshahara aliokosa. Katiba katika kifungu cha 43 inaitaka Serikali iwape hifadhi wasioweza kujitegemea. Twadai kwamba sheria iweke malipo ya ulemavu wa muda, yanayoweza kusimamishwa mtu akipona na kurudishwa akizidiwa, pasipo kumfanya aanze safari yote upya.

Wakati tunalingojea hilo, kazi iko katika mikataba yetu. Katika mazungumzo yajayo Chama kitadai likizo ndefu zaidi ya ugonjwa, ugonjwa wa akili utajwe kwa jina lake, na mfanya kazi anayetumia dawa za kusinzisha apewe kazi ya mchana mbali na mashine bila kupunguziwa mshahara. Wajumbe wa kila kiwanda walete hesabu ya wanachama waliokataliwa malipo au walioachishwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Tunataka idadi na tarehe tu. Majina yabaki na wenyewe, mpaka watakapokubali yatajwe. Na aliye na barua ya kukataliwa ndani ya sanduku aje nayo ofisini, yeye mwenyewe au jamaa yake, tuisome tarehe pamoja.