Anayeomba Msaada Asikutane na Barua ya Kufukuzwa



Mwaka jana, katika parokia tunakofanyia utume wa Jumamosi, tulimkuta kijana aliyerudi nyumbani kutoka chuo kikuu katikati ya muhula. Mama yake alikuwa amewaambia wanajumuiya kwamba mwanawe anaumwa. Baadaye kijana mwenyewe alitueleza ukweli: alikutwa na bangi chumbani, kamati ya nidhamu ikakaa, akapewa barua ya kusimamishwa masomo mwaka mzima. Adhabu hakuilalamikia. Kilichotuumiza ni neno lingine. Alisema kwamba kabla ya kukamatwa alikwenda mara mbili hadi mlangoni kwa mshauri wa wanafunzi, akitaka kusema kwamba ameshindwa kuacha, na mara zote mbili akarudi. Mshauri huyo ndiye aliyekuwa pia mjumbe wa kamati ya nidhamu.

Hatusemi sheria ilegezwe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inahesabu hata matumizi kuwa kosa, na chuo si kisiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya, isipokuwa kwa ajili ya tiba, ni kosa kubwa. Wanafunzi wasiotumia nao wana haki ya kuishi katika bweni lisilo na wauzaji.

Lakini darasani tunajifunza kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote. Anafundisha pia kwamba sheria ya wanadamu hukataza hasa maovu yanayowadhuru wengine, na kwamba huwaongoza watu kwenye fadhila hatua kwa hatua, si kwa siku moja. Tukitumia kipimo hicho, kanuni inayomtia muuzaji, mtumiaji na anayeomba msaada katika kapu moja imepungukiwa.

Sisi waseminari tunaujua mfano mzuri zaidi, kwa sababu tunaishi ndani yake. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 240, inakataza maoni ya baba wa kiroho na ya waungamishi kuombwa pale inapoamuliwa nani apewe daraja au nani aondolewe seminarini. Gombera ana kazi yake, na baba wa kiroho ana yake. Nidhamu ya seminari haijalegea kwa sababu hiyo. Kinyume chake, mtu anapata mahali pa kusema ukweli kabla mambo hayajaharibika.

Vyuo vinaweza kufanya vivyo hivyo. Kwanza, mshauri wa wanafunzi asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu. Pili, kanuni itamke wazi kwamba mtumiaji anayekuja mwenyewe kuomba msaada hatafukuzwa na chuo kwa sababu ya kuja huko. Tatu, msaada wenyewe uwepo kweli. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni, lakini hiyo ni tiba ya walioathirika na heroini na dawa za jamii yake. Kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo. Kinachosaidia ni ushauri nasaha, muda na watu wa kutembea pamoja na mhusika.

Wapo watakaosema: mkifanya hivyo, kila anayesikia harufu ya msako atakimbilia kwa mshauri. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo anayekuja baada ya kukamatwa asihesabiwe kuwa amekuja mwenyewe. Anayepokelewa aweke makubaliano ya maandishi ya kuhudhuria ushauri, na akiyavunja, kamati ipo. Naye muuzaji asipate kivuli chochote hapo.

Ndugu wasomaji, tusiishie kuvilaumu vyuo. Yule mama hakukiogopa chuo aliposema mwanawe anaumwa. Alituogopa sisi: jumuiya yake, wanakwaya wenzake, labda hata waseminari wa Jumamosi. Bwana wetu alitufundisha kumwendea kwanza ndugu aliyekosa tukiwa wawili tu, faraghani. Mara nyingi sisi tunaanza na jumuiya nzima, tena yeye akiwa hayupo.

Kijana huyo anarudi chuoni mwezi wa kumi. Tunawaomba viongozi wa TMCS na mapadre walezi wa wanachuo wampokee yeye na wenzake bila kuwauliza habari za barua. Nasi parokiani, mama yake akija Jumapili, tumwulize hali ya mwanawe kwa namna ambayo safari hii hatahitaji kutudanganya.