Tuunganishe Nguvu: Wito kwa Watu wa Bibokoboko, Baraka na Fizi



Mgeni akishuka botini Baraka anakuta ndagala zimeanikwa mchangani. Upande mmoja rasi ya Ubwari imelala ziwani, upande wa pili milima inapanda kuelekea Bibokoboko. Ataona uzuri, ila hatajua aanzie wapi. Mwenye boti ana chama chake, mwenye nyumba ya wageni ana chake, na kila shirika linaandika mradi wake na kumtafuta mfadhili wake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulivyo navyo si haba. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Samaki wake wengi hawapatikani popote pengine. Hifadhi ya Itombwe, iliyoundwa mwaka 2006, ina sokwe wakubwa wa nyanda za mashariki. Historia nayo ipo: Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akatua Kibamba na kukaa katika milima ya Fizi hadi Novemba. Ng'ambo ya pili, wenzetu wa Tanzania wanapokea wageni Gombe na Mahale, na tangu 2022 tumo nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Lakini tuseme ukweli. Hakuna mgeni atakayepanda mlima ambao mwenyeji anaogopa kuupanda. Mwaka 2021 nyumba zilichomwa Bibokoboko, na familia zikakimbia zikiacha mashamba na mifugo. Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliiru na Wanyindu, wote wamezika watu wao. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya utalii wetu ni njia salama na soko la pamoja: maziwa na maharage yashuke, samaki na chumvi vipande mlimani, na kila mtu arudi kwake jioni akiwa mzima. Njia atakayopita mama mwenye kikapu bila hofu, mgeni naye ataipita.

Tujifunze pia kugawana. Rwanda ilianza mwaka 2005 kuwapa wanaoishi kando ya hifadhi asilimia 5 ya mapato ya utalii, na mwaka 2017 ikafikisha asilimia 10. Hapa kwetu Kongo, amri ya mwaka 2014 inairuhusu jamii kupewa msitu wake iusimamie, hadi hekta 50,000. Mlango huo wa sheria haufunguki kwa jamii iliyogawanyika.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, kila chama, cha mlimani na cha ziwani, kiteue watu wawili, mwanamke na mwanamume, waingie katika kamati moja ya Fizi, Baraka na Bibokoboko. Kabila lolote lisiachwe nje, na waliokimbia makwao wawe na viti vyao. Pili, kamati iandike orodha moja ya maeneo, njia, waongoza wageni na bei, na ikazungumze kwa sauti moja na wakuu wa sekta, wasimamizi wa hifadhi na Ofisi ya Taifa ya Utalii. Tatu, mfuko uwe mmoja, na hesabu zake zisomwe hadharani, kanisani, msikitini na sokoni, ili kila mtu ajue kilichoingia na kilichotoka.

Kwa haya hatuhitaji kumsubiri mfadhili. Tunahitaji kuketi pamoja, tusikilizane hata pale panapouma, na tukubaliane. Chama chako kitawatuma akina nani? Jibuni swali hilo kabla ya siku ya soko ijayo, kisha mpeleke majina.